Washairi wa mwanzo wa Marekani walimkataa mfalme, mbona wakaimba himaya?

Kalamu_Nyeusi

Wakuu, salaam.

Natayarisha mada ya dakika 90 kwa kikundi cha wasomaji wa fasihi, juu ya mashairi ya kisiasa ya Marekani kuanzia miaka ya 1770 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1800. Nimekwama pahala kadhaa.

Kwanza, watu hawa walipigana miaka minane, 1775 hadi 1783, kujinasua kwenye himaya ya Uingereza. Lakini fungua Freneau, fungua Dwight, fungua Barlow: himaya imejaa tele, tena inatajwa kwa sifa. Ni unafiki, ni pambo la kishairi tu, au kuna hoja nyuma yake?

Pili, "The Rising Glory of America" ya Philip Freneau nimeipata mtandaoni katika sura mbili zisizofanana. Moja inaipamba Uingereza, nyingine inaishutumu, na zote zimewekewa mwaka 1771. Nishike ipi?

Tatu, Phillis Wheatley, mshairi Mwafrika aliyekuwa mtumwa Boston, nimweke wapi? Kila orodha ninayoiona inamtupa mwishoni, kama vile aliingizwa ili lawama zisije.

Na mwenye ujuzi wa kanuni za utunzi wao anifafanulie kwa mizani na vina, si kwa istilahi za Kigiriki. Wasomaji wangu wamekulia kwenye tenzi na tarbia.

---

MzeeWaMaktaba

Nianze na la pili, maana ndilo linaloangusha wengi.

Hayo ni mashairi mawili yenye jina moja. La kwanza lilitungwa na vijana wawili wa Chuo cha New Jersey, ambacho leo ni Princeton: Freneau na Hugh Henry Brackenridge. Brackenridge ndiye aliyelisoma kwenye mahafali ya tarehe 25 Septemba 1771. James Madison, rais wa nne wa baadaye, alihitimu mwaka huo huo. Likachapwa Philadelphia mwaka 1772. Ni majibizano ya watu watatu, Acasto, Eugenio na Leander, na ndani yake hakuna hata chembe ya uasi. Uingereza ni mama, majenerali wake wanasifiwa, na fahari ya Marekani ni tawi la fahari ya Uingereza.

La pili ni la Freneau peke yake. Vita vimekwisha, anatoa diwani yake mwaka 1786, anakata sehemu za Brackenridge, anafuta sifa za Uingereza, anaingiza malalamiko juu ya askari wake na utabiri wa kutengana. Lakini shairi bado linajitambulisha kama sehemu ya majibizano yaliyotolewa hadharani. Matokeo yake msomaji anadhani kijana wa 1771 aliiona vita ya 1775 ikija, kumbe mtabiri alikuwa ameshayajua matokeo. Mikusanyo mingi ya baadaye inachapa hii iliyorekebishwa na kuiwekea mwaka wa ile ya kwanza. Hapo ndipo ulipoingia mkenge.

Namna ya kuzitenganisha bila kuhangaika: tafuta mahali ambapo Marekani inaitwa kiti cha himaya na makao ya wafalme. Ukiyakuta hayo, uko kwenye 1772. Hakuna mwanajamhuri wa 1786 ambaye angeyaacha hayo "makao ya wafalme" yapite. Kisha angalia ukurasa wa mbele wa chapa yenyewe, si maelezo ya tovuti.

Kwa hoja yako, shika zote mbili. Uzuri wote uko kwenye tofauti. Utaona mfalme ameondolewa lakini himaya imebaki palepale, haijaguswa.

Tahadhari moja ya kiufundi. Vitabu vya miaka ile vilitumia herufi ya s ndefu, ambayo kwa macho inafanana na f. Mashine inayogeuza picha kuwa maandishi huisoma kama f. Kwa hiyo *seat of empire* inatoka *feat of empire*, na kwa kuwa hilo nalo ni neno halali la Kiingereza, kikagua tahajia hakikuonyi. Ukitafuta *song* kwenye chapa ya 1772 na usipate kitu, jaribu *fong*. Na kabla ya kunukuu chochote, fungua picha ya ukurasa. Kufikia 1807, Barlow anapotoa utendi wake mkubwa, herufi hiyo ilikuwa imeshaachwa, ndiyo maana matini yake ya kidijitali ni safi zaidi.

---

tarbia

Mzee kamaliza la matoleo. Mimi nije kwenye hoja yenyewe.

Si unafiki, mkuu, na si pambo. Ni imani ya zamani yenye ratiba. Kwa mujibu wake, ukuu wa dunia (dola, elimu, sanaa, vyote kwa pamoja) haukai mahali pamoja. Unahama, na unahama kwa kulifuata jua: Mashariki, kisha Uyunani, kisha Rumi, kisha Ulaya ya magharibi, kisha ng'ambo ya Atlantiki. Aliyesoma Danieli sura ya 2 anaijua mifupa yake: sanamu ya Nebukadneza, falme nne zinazopokezana, na wa tano usioangamizwa. Wahubiri wa New England, yaani makoloni ya kaskazini-mashariki, walikuwa na Danieli mdomoni kila siku.

Aliyeifupisha kuliko wote hakuwa Mmarekani. Ni George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland, ambaye baadaye alikuwa askofu. Mnamo 1726, akihangaikia mpango wa kujenga chuo Bermuda, aliandika shairi la beti sita juu ya kupanda elimu na sanaa Marekani. Akaenda kukaa Newport, Rhode Island, 1729 hadi 1731, akingoja fedha alizoahidiwa na Bunge. Hazikuja, akarudi. Shairi likachapwa 1752. Ubeti wa mwisho unasema himaya inashika njia ya magharibi. Sehemu nne za mchezo zimeshapita. Ya tano itaufunga mchezo pamoja na siku. Na mzaliwa bora wa wakati ni yule wa mwisho. Ukikutana na nukuu inayosema "nyota ya himaya" badala ya njia au mwendo wake, ujue imeharibiwa njiani. Berkeley hakuandika nyota.

Kwa hiyo mtu wa 1776 aliposema himaya hakuwa lazima anamaanisha taifa moja kulikalia jingine. Alimaanisha dola pana, yenye sheria zake na nafasi ya kukua. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa taifa hilo, kwenye makala ya kwanza kabisa ya *Federalist* (mfululizo wa kuitetea katiba mpya) mwaka 1787, anaiita nchi himaya bila kuona haya. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa baadaye, aliandika juu ya "himaya ya uhuru" katika barua kwa kamanda George Rogers Clark mwishoni mwa 1780. Kumkataa mfalme wa London hakukuwa kuikataa himaya. Kulikuwa kusema: zamu yenu imekwisha, sasa yetu.

Lakini ratiba hii ina ufa, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kama mada ingekuwa yangu. Ikiwa ukuu unahama, basi na kwako utahama. Aliyekupa zamu amekupa na siku ya kuondoka. Kila mshairi ilibidi atafute namna ya kuisimamisha saa. Berkeley anatangaza kuwa sehemu ya tano ndiyo ya mwisho. Freneau na Brackenridge wanaishusha Yerusalemu mpya kutoka mbinguni, ihitimishe historia. Timothy Dwight, katika wimbo wake "Columbia" unaohusishwa na 1777 alipokuwa kasisi wa jeshi, anasema himaya hii itainuka juu ya msingi mpana wa uhuru, itaenea pamoja na bahari, na itayeyuka siku zitakapoyeyuka mbingu. Yaani haiishi kabla ya kiyama. Na katika wimbo huo huo anaiambia nchi yake iwaachie Ulaya ushindi na mauaji, wazamishe mataifa katika damu na kuifunika miji kwa moto! Himaya inayoenea na bahari, bila kumwaga damu ya mtu. Waulize wasomaji wako itaeneaje.

Aliyekataa kuisimamisha saa alikuja baadaye, tena ni mchoraji. Thomas Cole alichora picha tano kati ya 1833 na 1836, *The Course of Empire*, jina likiwa limetoka kwa Berkeley. Picha ya tano ni magofu matupu chini ya mwezi. Ziko kwenye makumbusho ya New York Historical (zamani New-York Historical Society), na zinapatikana bure kwa kuonyesha ukutani.

Sasa mizani. Kiingereza hakihesabu silabi peke yake kama sisi. Kinahesabu na mkazo. Mshororo mkuu wa zama hizo una silabi kumi na mikazo mitano, dhaifu ikitangulia, nzito ikifuata. Ukifungwa vina viwili viwili, ndio mtindo rasmi wa sifa na siasa: Wheatley na Barlow karibu kila mahali. Ukiachwa bila vina, ndio "Rising Glory". Berkeley amepokezana, kumi kwa nane, na vina vya kupishana. Hesabuni pamoja:

*West-ward the course of em-pire takes its way*

Kumi. Unaofuata ni wa nane. Wa tatu kumi, wa nne nane.

Kinachowapoteza wanaohesabu kwa mara ya kwanza ni ritifaa ('). Hiyo alama si kosa la chapa, ni silabi iliyomezwa makusudi, kama sisi tunavyokata neno ili mizani isizidi. Wheatley ana mshororo *Had made, and with it meant t'enslave the land*. Ukiirudisha *to* kamili unapata kumi na moja na mshororo unachechemea. "Columbia" ya Dwight inakimbia kwa silabi kumi na moja na mikazo minne, kwa hiyo hilo jina lenyewe lazima libanwe litamkwe kwa silabi tatu, si nne.

Na jambo litakalowashangaza watu wa tenzi: mizani nane yenye vina viwili viwili, kwao, ni ya mzaha. "M'Fingal" ya John Trumbull (wimbo wa kwanza ulitoka 1776, zote nne 1782) inamdhihaki mtetezi wa mfalme kwenye mkutano wa mji hadi anapakwa lami na manyoya, na umbo lake ni hilo la silabi nane. Msomaji aliyezoea utenzi atalisikia kama kitu kizito cha dini au vita. Mwonye mapema.

---

Bi_Nahau

Wheatley asiwe mwisho. Mweke katikati, kwa sababu yeye ndiye anayeipima hoja ya wengine.

Tarehe zake kwanza. Alizaliwa Afrika Magharibi karibu 1753, akafikishwa Boston 1761 kwa meli ya watumwa iliyoitwa Phillis, jina akapewa la meli. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1773, baada ya jaribio la kukichapa Boston kukosa wanunuzi wa kutosha wa kukiagiza mapema. Mbele kina tamko la wanaume 18 wa Boston wakithibitisha kuwa mashairi ni yake kweli. Usiliruke hilo tamko. Ni sehemu ya siasa ya kitabu.

Shairi la kushika ni lile la Earl of Dartmouth, la Oktoba 1772. Dartmouth alikuwa ameteuliwa karibuni kuwa waziri wa makoloni, na watu wa New England walimtarajia mema. Soma polepole jinsi lilivyojengwa. Mwanzoni Wheatley anazungumza kama wazalendo wote wa Boston: Marekani haitaogopa tena mnyororo wa chuma ambao udhalimu uliutengeneza ili kuifanya nchi mtumwa. Hapo hakuna jipya. Kila kijitabu cha kodi cha miaka ile kilisema kodi ni utumwa.

Halafu anageuka. Ukishangaa, bwana wangu, unaposoma wimbo wangu, mapenzi haya ya uhuru yalichipuka wapi: mimi, nikiwa mdogo, nilinyakuliwa kutoka Afrika. Mzazi wangu alipata uchungu gani? Moyo wa chuma ulikuwa wa yule aliyempokonya baba mtoto wake mpenzi. Hiyo ndiyo hali yangu. Basi nitaacha vipi kuomba wengine wasiuonje utawala wa kidhalimu?

Tazama kilichotokea. Mnyororo wa mishororo ya mwanzo ulikuwa tamathali. Kufikia hapo umekuwa mnyororo. Hajamtukana mtu, hajatoka kwenye adabu ya shairi la kumsifu mkubwa, silabi kumi kumi zimetimia, lakini kila aliyetumia neno utumwa kuzungumzia ushuru wa chai ameachwa uchi. Na anazungumza na London moja kwa moja, juu ya vichwa vya mabwana wa Boston. Mtumwa anatumia ngazi ya himaya kupeleka shtaka ambalo koloni lake lisingelipokea.

Anayemsoma kama mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa huwa ameishia kwenye mishororo ya juu.

Kisha "To His Excellency General Washington", aliyoituma Oktoba 1775. Washington alimjibu tarehe 28 Februari 1776, na likachapwa mwaka huo huo, pamoja na kwenye *Pennsylvania Magazine* la Aprili, gazeti lililokuwa mikononi mwa Thomas Paine, mwandishi wa kimapinduzi. Hapa Columbia anatokea kama mungu wa kike, miongoni mwa matumizi ya mapema ya jina hilo kwa nchi. Uingereza inalaumiwa kwa kiu ya mamlaka yasiyo na mipaka. Na shairi linafunga kwa kumtakia Washington taji, kasri na kiti cha enzi! Wapo wanaosema hiyo ni lugha ya mapokeo tu. Sawa, lakini ni mapokeo hayohayo ya himaya ambayo tarbia ameyaeleza: wanabadilisha mwenye kiti, kiti hawakibadilishi.

Oanisha na barua yake kwa Samson Occom, mchungaji wa kabila la Mohegan, ya tarehe 11 Februari 1774. Ilichapwa magazetini. Humo anasema Mungu amepanda mapenzi ya uhuru katika kila kifua cha binadamu, na anawacheka wanaodai uhuru huku wakikalia wenzao. Ni fupi, inasomeka kwa sauti katika dakika chache.

Ukitafuta shairi lake la mwisho la kisiasa, "Liberty and Peace" la 1784, tafuta kwa jina la Phillis Peters, jina la ndoa. Wengi hulikosa kwa sababu hiyo. Alifariki Desemba mwaka huo.

---

Pwani_Kusini

Naongeza Barlow, na hapo nitatofautiana kidogo na tarbia kwamba wote walikuwa wanagombea zamu tu. Joel Barlow alibadilika, na alibadilika kwenye karatasi mbele ya macho yetu.

Mwaka 1787 alitoa "The Vision of Columbus", vitabu tisa, Hartford. Columbus mzee yuko gerezani, malaika anamtoa, anampandisha mlimani na kumwonyesha yatakayokuja. Kimetabarukiwa Louis XVI wa Ufaransa. Kwenye orodha ya walioagiza, mfalme huyo ana nakala 25 na Washington 20. Mwaka 1807 kitabu kinarudi kikiwa "The Columbiad", vitabu kumi, chapa ya fahari yenye picha, kimetabarukiwa Robert Fulton, mtu wa meli za mvuke. Mfalme katoka, fundi kaingia. Malaika naye katoka, nafasi yake kaichukua Hesper, mlinzi wa bara la magharibi. Katikati ya matoleo hayo mawili Barlow alikuwa amekaa Ulaya miaka kadhaa, ameyaona mapinduzi ya Ufaransa, na amekuwa balozi mdogo Algiers, ambako alishughulikia kuachiwa kwa mateka wa Kimarekani.

Soma dibaji ya 1807 kabla ya shairi. Anamshambulia Homer, mtunzi wa tenzi za kale za Uyunani, kwa kuwafundisha watu sifa mbaya ya vita, na anasema Virgil, mwenzake wa Rumi, aliandika na kuhisi kama raia wa mfalme, si kama mwananchi. Anataka utendi usiotukuza ushindi wa mapanga. Halafu mshororo wa tatu tu wa utendi wenyewe unasema Columbus aliwafundisha wanadamu zilipo himaya za baadaye. Dibaji inavuta huku, mapokeo yanavuta kule.

Ushahidi mkubwa ni kitabu cha nane. Atlas, mlinzi wa Afrika, anasimama na kumshtaki Hesper: wanao wanawatumikisha watu wangu, kisha wanahubiri uhuru. Ni hukumu kamili ndani ya utendi wa taifa. Na mwisho wa kitabu cha kumi si enzi ya Marekani, bali ni mkutano wa mataifa yote. Hiyo ndiyo namna yake ya kuisimamisha saa: ukuu hauhami tena kwa sababu hauna mwenyewe.

Kwa haki, kama kazi ya fasihi "Columbiad" ni mzigo. Kosa ni la muundo. Columbus hana la kufanya ila kutazama. Kila kitu anaonyeshwa na kuelezwa, kwa hiyo hakuna jaribu, hakuna uamuzi, hakuna hatari inayomkabili. Mito inaorodheshwa, majenerali wanaorodheshwa. Ongeza na maneno aliyoyabuni mwenyewe, ambayo wahakiki wa Uingereza waliyacheka. Shairi lake fupi "Advice to a Raven in Russia" linaishinda kwa mbali. Aliliandika Desemba 1812 huko Vilnius, alikoitwa kumfuata Napoleon kwa ajili ya mkataba wa biashara, jeshi la Ufaransa likiwa linarudi nyuma kwenye barafu. Anamwambia kunguru aondoke, akatafute riziki kusini, kwa sababu maiti za huku zimeganda hata mdomo wake hautoboi. Kokote himaya ya Napoleon iendako kuna chakula chake. Barlow alikufa mwezi huohuo njiani Poland, na shairi halikuchapwa akiwa hai.

---

tarbia

Pwani_Kusini, nakubali kuhusu mtumwa na kuhusu Napoleon. Sikubali kuhusu ardhi. Onyesha mahali katika "Columbiad" ambapo wenyeji wanabaki na nchi yao. Barlow ana heshima kubwa kwa Manco Capac, mwasisi wa dola ya Wainka wa Peru, na watu wake, ambao ni wa zamani na wako mbali. Waliokuwa magharibi ya milima ya Appalachia, hai, mwaka 1807, miaka minne baada ya Louisiana kununuliwa kwa dola milioni 15, wanapisha mashamba na mifereji. Kuacha upanga na kushika koleo bado ni kuchukua.

Freneau na Brackenridge walishaweka msingi wa hilo. Katika 1772 wanadai nchi za kaskazini zilivumbuliwa na Uingereza kwa ajili ya wanawe, na hazikufurikwa bahari za damu ya Wahindi (yaani wenyeji wa Marekani) kama Hispania ilivyofanya kusini. Hilo si kweli, na watunzi walikuwa na kila sababu ya kulijua. Mwaka 1637 walowezi wa Kiingereza na washirika wao walikichoma kijiji cha Wapequot, kabila la wenyeji, pale Mystic na watu ndani yake. Vita vya Metacom, chifu wa wenyeji, vya 1675 na 1676 viliteketeza miji mingi ya New England. Kuisema Hispania ilikuwa njia ya kusafisha mikono.

Dwight angalau hakukificha kisa. "Greenfield Hill" ya 1794 ina sehemu ya nne nzima juu ya maangamizi ya Wapequot, kwa kuwa mapigano ya mwisho yalitokea kwenye kinamasi pale Fairfield, kwenye parokia yake. Analia, lakini analia kama mtu anayeamini lilikuwa lazima litokee. Huzuni yake ni ya mrithi msibani.

---

Kalamu_Nyeusi

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Dakika 90 hazitoshi yote. Mngekata wapi? Na Freneau nimsome mstari kwa mstari matoleo yote mawili, au nichague?

---

MzeeWaMaktaba

Chagua. Ukisoma mawili yote kwa sauti watu watasinzia. Toa karatasi moja yenye safu mbili: kushoto 1772, kulia 1786, vipande vitatu tu. Kipande cha Hispania na damu ya Wahindi, kipande kinachoitaja Uingereza kwa jina, na mwisho wa shairi. Waache wapigie mstari kilichofutwa. Dakika 25.

Anza na ubeti wa mwisho wa Berkeley, dakika kumi pamoja na kuhesabu mizani, kwa sababu usipouweka mbele hakuna atakayeelewa kwa nini himaya ni neno zuri kwao. Dartmouth ya Wheatley isomwe yote na mtu mmoja, bila kukatishwa, na mjadala uanzie pale anapogeuka. Tenga dakika 30. "Columbia" ya Dwight ubeti wa pili tu, unatosha kuonyesha mgongano wa himaya na umwagaji damu. Barlow mpe kilichobaki: hotuba ya Atlas kwa vipande, mishororo thelathini isizidi, na kunguru kama muda upo. Trumbull mwache.

Jambo la mwisho kwenye karatasi yako: kila kipande kiandikie miaka miwili, wa kutungwa na wa kuchapwa. Berkeley 1726 na 1752. Freneau na Brackenridge 1771 na 1772, kisha Freneau 1786. Dartmouth 1772 na 1773. Ukiandika mwaka mmoja tu, swali la kwanza litakuwa kwa nini shairi la 1752 bado linatarajia kupanda elimu Marekani ilhali Berkeley alishaondoka Newport mwaka 1731, na dakika tano zitapotea hapo.

---

Bi_Nahau

Naunga mkono, ila tamko la wale wanaume 18 lichape nyuma ya karatasi ya Wheatley, na usiligawe kabla hawajasikia shairi. Wakilisoma kwanza wataanza kubishana kama aliweza kuandika, badala ya alichoandika.